Askofu Barbara Harris alikuwa nani, na je, kipaimara cha askofu mwanamke ni halali?

Swali. Mama mmoja kutoka Korogwe ameandika hivi: "Binti yangu anaishi Boston pamoja na mumewe. Mwaka huu wajukuu zangu wawili wamepata kipaimara huko, na katika picha nilizotumiwa aliyewawekea mikono ni mwanamke aliyevaa kofia ya askofu na kushika fimbo. Ukutani nyuma yao kuna picha ya mama mmoja mweusi, mtu mzima, ambaye binti yangu anasema ni Askofu Barbara, mwanamke wa kwanza kuwa askofu katika Kanisa Anglikana duniani. Wenzangu hapa parishini wananiambia kwamba huo si uaskofu, ni cheo cha heshima tu walichopewa akina mama, tena huyo Barbara hakumaliza hata chuo cha teolojia. Naomba Mwalimu unieleze huyu mama alikuwa nani, uaskofu aliupataje, na kama wajukuu zangu wakirudi nyumbani watahesabiwa kuwa wamepata kipaimara."

Jibu. Mama, shikamoo. Nianze na lile la cheo cha heshima, kwa sababu ndilo lililokusumbua zaidi na ndilo lenye jibu lililo wazi. Barbara Harris hakupewa uaskofu kama mtu anavyopewa nishani. Alichaguliwa kwa kura na makasisi na walei wa dayosisi moja, uchaguzi huo ukaridhiwa na dayosisi nyingine nchini kote, na ndipo maaskofu wakamwekea mikono kwa ibada ileile wanayowekewa maaskofu wanaume. Mtu anaweza kuwa na sababu zake za kiimani za kukataa uaskofu wa mwanamke, na sababu hizo nitazieleza kwa haki, lakini hawezi kusema kwamba njia aliyopitia ilikuwa ya mkato. Ilikuwa ndefu kuliko ya maaskofu wengi wa Afrika Mashariki ninaowafahamu.

Kanisa analosali binti yako ni la Episkopali, yaani Waanglikana wa Marekani. Kabla ya uhuru wa nchi hiyo walihesabiwa kuwa chini ya Askofu wa London, na hawakuwa na askofu mkazi hata mmoja. Aliyetaka ukasisi ilimlazimu avuke bahari. Baada ya vita, makasisi wa Connecticut walimchagua Samuel Seabury na kumtuma Uingereza, lakini huko sheria ilidai kila anayewekwa wakfu ale kiapo cha utii kwa mfalme, jambo ambalo raia wa nchi iliyotoka kumkataa mfalme huyo hangeweza kulifanya. Akapanda kwenda Scotland, na tarehe 14 Novemba 1784 maaskofu watatu wa huko wakamweka wakfu mjini Aberdeen. Kanisa lililoanza hivyo, bila mfalme wa kuteua na bila serikali ya kulilipia, lilijifunza mapema kuchagua viongozi wake lenyewe, na katiba lililoipitisha Philadelphia mwaka 1789 iliwapa walei sauti ambayo wakati ule walei wa Uingereza hawakuwa nayo.

Utaratibu wa leo una hatua zinazostahili kutazamwa kwa karibu. Dayosisi inapohitaji askofu, huunda kamati ya kupokea na kuchuja majina. Wanaobaki huitwa mbele ya makasisi na waumini wakaulizwa maswali hadharani. Kisha mkutano wa dayosisi hupiga kura kwa makundi mawili kwa wakati mmoja, makasisi kivyao na wajumbe walei kivyao. Hashindi mtu mpaka apate wingi wa kura katika makundi yote mawili kwenye duru ileile. Makasisi wakimtaka huyu na walei wakamtaka yule, kura hurudiwa, na zinaweza kurudiwa mchana kutwa. Aliyeshinda naye bado si askofu. Jina lake hupelekwa kwa Halmashauri ya Kudumu ya kila dayosisi na kwa kila askofu mwenye dayosisi, nao hupewa siku 120 za kutoa ridhaa au kuinyima. Wingi ukikosekana upande mmoja, uchaguzi wote huanguka. Usidhani hiyo ni hatua ya kutimiza kanuni tu. Mwaka 2009 mtu aliyechaguliwa na dayosisi ya Northern Michigan alikosa ridhaa hiyo, na dayosisi ikalazimika kuanza upya. Ridhaa ikipatikana, ndipo maaskofu wasiopungua watatu humwekea mikono, kanuni ya zamani iliyowekwa na mtaguso wa Nikea mwaka 325 na inayofuatwa hata Korogwe.

Sasa tuje kwa mwenyewe. Barbara Clementine Harris alizaliwa Philadelphia tarehe 12 Juni 1930, akalelewa katika kanisa la Mtakatifu Barnaba eneo la Germantown, ambako tangu msichana alikuwa akipiga piano katika shule ya Jumapili. Baada ya sekondari alisomea uandishi wa habari na matangazo, akaajiriwa na kampuni ya uhusiano iliyomilikiwa na mtu mweusi, Joseph V. Baker, akapanda ngazi hadi kuwa rais wa kampuni hiyo. Mwaka 1968 alihamia kampuni ya mafuta ya Sun Oil, huko nako akawa meneja wa uhusiano. Ninalitaja hili kwa makusudi. Watu husimulia habari zake kana kwamba alitoka jikoni akaangukia uaskofu, kumbe alipoanza kufikiria ukasisi alikuwa tayari na uzoefu wa miaka mingi wa kuongoza watu, kusimamia bajeti na kusema mbele ya wenye madaraka.

Wakati huohuo alikuwa mlei asiyetulia kitini. Katika miaka ya 1960 alitumia likizo zake kwenda Greenville, Mississippi, kuwaandikisha watu weusi wapige kura, kazi ambayo wakati ule ilikuwa ya hatari kwa uhai, na mwaka 1965 alikuwa katika maandamano ya kutoka Selma kwenda Montgomery yaliyoongozwa na Martin Luther King. Baadaye alihamia Church of the Advocate, parishi ya watu wa kipato cha chini kaskazini mwa Philadelphia iliyoongozwa na kasisi Paul Washington, na hapo ndipo jina lake lilipoingia katika historia ya kanisa kwa mara ya kwanza. Tarehe 29 Julai 1974, sikukuu ya Mariamu na Martha wa Bethania, maaskofu watatu waliokwisha kuacha dayosisi zao waliwapa ukasisi mashemasi wanawake kumi na mmoja katika kanisa hilo, bila idhini, huku sheria ya kanisa ikiwa haijaruhusu. Barbara Harris ndiye aliyebeba msalaba mbele ya maandamano ya kuingia. Hakuwa shemasi wala mwanafunzi wa teolojia. Alikuwa muumini wa parishi iliyokubali kufungua milango yake. Maaskofu wenzao waliitana haraka wakatamka kwamba ibada ile ni batili, lakini miaka miwili baadaye Mkutano Mkuu wa kanisa, uliofanyika Minneapolis mwaka 1976, ulipitisha ukasisi wa wanawake kuanzia Januari 1977.

Hapo ndipo naye alipojitokeza kuomba daraja. Wenzako parishini wana haki kwa nusu: ni kweli hakuwa na shahada ya seminari. Alikuwa na umri wa kukaribia miaka hamsini na kazi ya kumlisha, hivyo alisoma vipande vipande, mengine katika chuo kikuu cha Villanova, mengine katika kituo cha teolojia ya mijini kilichoko Sheffield, Uingereza, na mengine chini ya usimamizi wa dayosisi yake. Akapewa ushemasi mwaka 1979 na ukasisi mwaka 1980. Alipewa parishi ndogo ya Mtakatifu Augustino wa Hipo, Norristown, na pamoja nayo akawa kasisi wa magereza ya Philadelphia. Mwaka 1984 akachaguliwa kuongoza shirika lililochapisha jarida la The Witness, na humo akaandika safu yake ya kila mwezi iliyoitwa A Luta Continua. Msomaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa maneno hayo yametoka wapi: ni mwito wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji kilichoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, na kwamba mwanamke wa Philadelphia aliuchukua kuwa kichwa cha safu katika jarida la kanisa kunakuonyesha alikotazama alipofikiri juu ya haki. Kalamu yake ilikuwa kali. Ilimpatia wasomaji na ilimpatia maadui, na baadhi ya waliopinga uaskofu wake baadaye walikuwa wamekwisha kuchomwa nayo.

Kabla sijafika kwenye uchaguzi, kuna historia moja ambayo bila hiyo hutaona uzito wa picha ile ukutani. Katika jiji hilohilo la Philadelphia, mwaka 1794, waumini weusi wakiongozwa na Absalom Jones, mtu aliyezaliwa mtumwa, waliomba parishi yao ipokelewe katika dayosisi. Walipokelewa kwa sharti kwamba wasiwe na wajumbe katika mkutano wa dayosisi, na sharti hilo lilidumu hadi miaka ya 1860. Jones mwenyewe alipata ukasisi, wa kwanza kwa mtu mweusi katika kanisa hilo, lakini kura hakuwa nayo. Baadaye walipopatikana maaskofu weusi, kwanza walipelekwa nje ya nchi: James Theodore Holly aliwekwa wakfu mwaka 1874 kwa ajili ya Haiti, na Samuel Ferguson mwaka 1885 kwa ajili ya Liberia. Waliofuata ndani ya nchi, Edward Demby wa Arkansas na Henry Delany wa North Carolina mwaka 1918, walifanywa maaskofu wasaidizi kwa ajili ya waumini weusi peke yao, ili mzungu asilazimike kupiga magoti mbele ya askofu mweusi. Massachusetts ndiyo iliyovunja desturi hiyo ilipomchagua John Burgess kuwa askofu msaidizi wa watu wote mwaka 1962, naye akawa askofu wa dayosisi mwaka 1970. Kwa hiyo dayosisi iliyomchagua Barbara Harris ilikuwa imekwisha kuzoea kuongozwa na mtu mweusi, na jambo jipya kwake lilikuwa mwanamke.

Kiangazi cha mwaka 1988 maaskofu wa Kianglikana wa dunia nzima walikutana Uingereza katika mkutano wao uitwao Lambeth, wakijua kwamba Marekani iko karibu kumchagua mwanamke. Hawakukubaliana juu ya jambo lenyewe. Walichokubaliana ni kwamba kila jimbo, yaani kanisa la nchi au la eneo zima, liheshimu uamuzi wa jimbo lingine na ushirika usivunjwe. Tarehe 24 Septemba mwaka huo, mkutano wa dayosisi ya Massachusetts ulipiga kura kumtafuta askofu msaidizi, na katika duru ya nane Barbara Harris akapata wingi kwa makasisi na kwa walei. Ndipo ukaanza wakati mgumu wa kusubiri ridhaa, kwa sababu sasa kila dayosisi ya nchi, pamoja na zile ambazo hazikuwa na hata kasisi mwanamke mmoja, ilikuwa na kauli.

Pingamizi zilikuwa za aina mbili, na si haki kuzichanganya. Za kwanza zilikuwa za imani. Wapinzani walisema kwamba Kristo aliwachagua mitume wanaume, kwamba kanisa la Mashariki na la Magharibi halikuwahi kumweka mwanamke katika daraja hiyo, na kwamba tawi moja halina mamlaka ya kubadili kilicho mali ya kanisa zima; wakaongeza kwamba hatua hiyo ingefunga njia ya umoja na Roma na Waorthodoksi. Hizo ni hoja za watu waliofikiri, na upande wenu wa Tanga, ambako Waanglikana wamelelewa katika mapokeo ya wamisionari wa UMCA tangu walipoanza kazi Magila, zinaeleweka vizuri kuliko zinavyoeleweka kwa Waanglikana wa Dodoma walioletewa Injili na shirika jingine la wamisionari, CMS. Mapokeo ya UMCA yanauona uaskofu kuwa uti wa kanisa, na mtu anayeuona hivyo hawezi kuchukulia kwa wepesi swali la nani anaufaa.

Za pili zilimlenga yeye binafsi: kwamba aliwahi kuolewa na ndoa ikavunjika, kwamba hakuwa na shahada, kwamba parishi aliyoiongoza ilikuwa ndogo, kwamba maandishi yake yalikuwa ya kisiasa mno. Hizi sizipi uzito uleule. Maaskofu wanaume walioachana na wake zao walikuwapo tayari katika kanisa hilo. Na kuhusu elimu, yeyote anayesema kwamba askofu lazima atoke seminari amemsahau Ambrose wa Milano, ambaye mwaka 374 watu walimpigia kelele awe askofu wao akiwa mkuu wa mkoa ambaye hajabatizwa, akabatizwa na kuwekwa wakfu ndani ya siku chache, na leo tunamhesabu miongoni mwa walimu wakubwa wa kanisa. Dayosisi nyingi zilizoshika barua ya ridhaa mkononi zililazimika kuamua ni aina ipi ya pingamizi inayowasukuma, na mwishowe wingi ukapatikana pande zote mbili.

Aliwekwa wakfu Jumamosi tarehe 11 Februari 1989 mjini Boston, siku mbili kabla ya kumbukumbu ya Absalom Jones katika kalenda ya kanisa lao. Hakuna kanisa la mjini ambalo lingetosha, hivyo ibada ilifanyika katika ukumbi wa mikutano wa Hynes, mbele ya watu zaidi ya 8,000. Alikuwa amepokea vitisho vya kuuawa, na polisi wa Boston walimshauri avae fulana ya kuzuia risasi chini ya mavazi ya ibada. Alikataa, na baadaye alisimulia kwa mzaha wake wa kawaida kwamba kama kuna mpumbavu anayetaka kumpiga risasi, hakuna mahali bora pa kufia kuliko madhabahuni.

Ibada hiyo ina kipengele ambacho katika sehemu nyingi hupita kimya: anayeongoza huwauliza watu kama yupo anayejua sababu ya kutoendelea. Siku ile swali lilijibiwa. Watu wawili walitoka mbele, mmoja baada ya mwingine, wakasoma pingamizi zao kwenye kipaza sauti, na ukumbi ukawasikiliza hadi mwisho. Edmond Browning, askofu aliyekuwa kiongozi wa kanisa zima, alijibu kwamba hoja hizo zilikwisha kuzingatiwa katika hatua za ridhaa, akawauliza watu kama wanataka aendelee, na ibada ikaendelea. Mimi naona kwamba hapo ndipo utaratibu ule mrefu wa kura na barua ulipoonyesha faida yake, kwa maana Browning hakulazimika kubishana wala kuwanyamazisha watu. Kanisa lake lilikuwa limekwisha kuulizwa na limekwisha kujibu kwa maandishi. Paul Washington, kasisi wake wa siku zote, ndiye aliyehubiri. Makumi ya maaskofu wakamzunguka kumwekea mikono, na mezani pa Bwana alisimama pamoja naye Florence Li Tim-Oi, mama wa Kichina wa miaka 81 ambaye Askofu Ronald Hall wa Hong Kong alimpa ukasisi mwaka 1944, wakati wa vita, ili Waanglikana wa Macau wasikose Meza ya Bwana. Yeye alikuwa kasisi mwanamke wa kwanza katika ushirika wetu wote, na kwa miaka mingi alinyamazishwa kwa ajili hiyo.

Kazi iliyofuata ilikuwa ya kawaida, na nakuomba uitazame hiyo zaidi ya siku ya sherehe. Askofu msaidizi katika kanisa lao hana haki ya kumrithi askofu wa dayosisi, lakini ana daraja kamili: anatoa kipaimara, anatoa ushemasi na ukasisi, anaweka wakfu makanisa. Kanuni inataka kila parishi itembelewe na askofu angalau mara moja katika miaka mitatu, na siku hiyo askofu ahubiri, aongoze Meza ya Bwana, atoe kipaimara na kukagua daftari za parishi, yaani ubatizo, ndoa, mazishi na mapato. Chini ya maaskofu wawili wa dayosisi, David Johnson na baadaye Thomas Shaw, Barbara Harris alizunguka hivyo kwa miaka 13: mama mfupi wa kimo, mwenye sauti nzito ya kukwaruza, asiyemung'unya maneno mimbarani. Parishi zilizokuwa na wasiwasi zilimwona akifanya kile ambacho askofu yeyote hufanya, na watoto waliokua wakati huo hawakujua kwamba kulikuwa na ajabu yoyote. Magereza hakuyaacha, aliendelea kuwatembelea wafungwa akiwa askofu kama alivyofanya akiwa kasisi. Alipochaguliwa alikuwa amesema kwamba hataki kujifanya mmoja wa maaskofu wanaume, bali anataka kuleta kile alicho nacho kama mwanamke mweusi aliyeujua uonevu kwa karibu, na sioni kwamba alitoka nje ya ahadi hiyo.

Alistaafu mwaka 2002 alipofikisha miaka 72, ambayo ndiyo kikomo cha kanisa lao, akaendelea kusaidia katika dayosisi ya Washington hadi mwaka 2007, na akafariki tarehe 13 Machi 2020 akiwa na miaka 89. Nafasi yake ya msaidizi Massachusetts ilichukuliwa na mwanamke mwingine mweusi, Gayle Harris, ambaye licha ya jina hawakuwa na undugu.

Nje ya Marekani mambo yalikwenda kwa kasi tofauti. New Zealand ilimweka wakfu Penelope Jamieson mwaka 1990 kuwa askofu wa dayosisi ya Dunedin, mwanamke wa kwanza kuongoza dayosisi yake mwenyewe. Uingereza, ambako mwaka 1989 Barbara Harris hakuruhusiwa hata kuongoza Meza ya Bwana, ilianza kutoa ukasisi kwa wanawake mwaka 1994 na ikapata askofu mwanamke wa kwanza, Libby Lane, Januari 2015. Barani Afrika alianza Ellinah Wamukoya wa Swaziland mwaka 2012, na miongoni mwa waliofuata ni Elizabeth Awut Ngor katika dayosisi ya Rumbek, Sudan Kusini, mwishoni mwa mwaka 2016. Na kwa majirani zetu wa Kenya, mwaka 2021 Emily Onyango aliwekwa wakfu kuwa askofu msaidizi wa Bondo, na mwaka huohuo Rose Okeno akawa askofu wa dayosisi ya Butere. Nakutajia hao ili wenzako wajue kwamba habari hii si ya Wazungu wala ya Boston peke yake.

Hapa lazima nitenganishe mambo mawili ambayo kwetu huchanganywa sana. Uhusiano wa Kanisa Anglikana la Tanzania na Waepiskopali uliharibika kweli, na Desemba 2006 maaskofu wetu walitamka hivyo hadharani. Lakini kilichouharibu ni suala jingine, yaani kuwekwa wakfu mwaka 2003, katika dayosisi ya New Hampshire, kwa askofu aliyeishi na mwenzi wa jinsia yake. Februari 2007 wakuu wa majimbo yote ya Kianglikana walipokutana Dar es Salaam na kwenda kusali katika Kanisa Kuu la Kristo Zanzibar, lile lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, Katharine Jefferts Schori alikuwa miongoni mwao kama mkuu wa kanisa la Marekani, na wakuu saba walikataa kushiriki Meza ya Bwana pamoja naye. Sababu waliyoitoa ilikuwa msimamo wa kanisa lake katika jambo hilo, si jinsia yake. Barbara Harris mwenyewe aliwatetea waumini wa aina hiyo waziwazi na bila kusita, na huenda wenzako wanampinga kwa sababu hiyo. Wakimpinga kwa hilo waseme hivyo, wasiligeuze kuwa hoja ya kwamba hakuwa askofu.

Nije sasa kwa wajukuu. Kipaimara kwa Waanglikana hutolewa mara moja tu na hakirudiwi, na mtu aliyekipata katika jimbo moja la ushirika wetu hupokelewa na jimbo lingine kama aliyekwisha kukipata. Hiyo ndiyo kanuni ya jumla. Ugumu unaweza kutokea pale askofu mwenyeji asipokubali kwamba mwanamke anaweza kuwa na daraja hiyo, kwa maana kwake yeye swali litakuwa kama aliyeweka mikono alikuwa askofu. Utasikia watu wakinukuu Ibara ya 26 katika zile Ibara 39 za imani ya Kianglikana, isemayo kwamba ubaya wa mhudumu hauondoi nguvu ya sakramenti. Usiitegemee hapa, kwa sababu inazungumzia mhudumu mwovu aliyepewa daraja kihalali, na hakuna aliyemtuhumu askofu wa wajukuu zako kwa uovu. Hoja yenye nguvu ni ileile ya Lambeth 1988, kwamba majimbo yaheshimiane katika jambo hili, na binafsi sioni njia ya mtu kukubali ubatizo, ndoa na Meza ya Bwana za kanisa la Boston kisha akatae kipaimara chake peke yake.

Kwa hiyo fanya hivi. Mwambie binti yako aombe cheti cha kipaimara cha kila mtoto kutoka parishi yao, chenye tarehe, jina la parishi na jina la askofu, pamoja na barua ya utambulisho kama ile tunayompa muumini anayehama. Watoto watakapokuja, vipelekwe kwa kasisi wa parishi kabla ya Jumapili ya kwanza, si mlangoni mwa kanisa wakati wa ibada. Kasisi akiona shaka, asiamue yeye wala baraza la parishi. Mwenye kauli katika dayosisi yenu ni askofu wenu, na swali la namna hii hupelekwa kwake kwa barua kupitia kwa kasisi, likajibiwa kwa barua. Na wenzako wakiuliza kwa nini watoto wasiwekewe mikono tena ili kumaliza maneno, waambie kwamba jambo hilo ndilo ambalo askofu wenu hatakubali kulifanya kwa wepesi, kwa sababu kurudia ni kutamka kwamba ya kwanza haikuwapo.

Picha ya ukutani nayo, mwombe binti yako aipige vizuri zaidi akutumie. Ukiitazama utaona pete ya kiaskofu na msalaba wa kifuani, vilevile kama vya askofu wenu.